Mgeni Asiyebisha Hodi

Mtu akikufungia mlango unaweza kuupiga teke, na pengine utafunguka, lakini utakuwa umeuvunja mlango na umemuudhi aliye ndani. Wahenga walijua njia nyingine. Kisa hiki ni cha mwanamke aliyeifuata njia hiyo wakati ambapo wenzake wote walikuwa wamekwisha kunoa mapanga.

Mwanamke huyo alikuwa dobi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika mtaani. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Buluu, kwa sababu ya ile buluu aliyoitia katika maji ya mwisho ya nguo nyeupe ili zing'ae. Uani kwake palikuwa na banda la kufulia lenye bati, mapipa mawili ya maji, makarai ya kila ukubwa, na kamba kumi na mbili za kuanikia zilizotoka ukuta wa jikoni hadi ukuta wa mpaka. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia pasi, na humo alitawala wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mteja wao mkubwa alikuwa hospitali. Kila asubuhi mkokoteni ulileta mashuka ya wodi, na kila jioni uliyarudisha yamekunjwa kingo kwa kingo kama karatasi. Mama Buluu hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu. Alikuwa akisema kwamba shuka likitoka mkononi mwake, hata nzi huona haya kutua juu yake.

Taabu ilianzia kwenye ukuta wa mpaka. Upande wa pili aliishi mstaafu mmoja aliyekuwa mpima ardhi, ambaye watu walimwita Mzee Kipimo. Enzi zake hapakuwa na kiwanja kilichogawanywa katika mitaa ile bila yeye kukikanyaga. Lakini sasa alikuwa peke yake. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na watoto wake walikuwa mbali. Kwa miaka miwili hivi alikuwa amejikunyata ndani kama konokono. Ukimpungia mkono, hakukupungia. Ukimtabasamia, alikutazama kama mtu anayetazama ukuta. Mtaa mzima ulikwisha kumkatia hukumu: kiburi kimempanda kichwani.

Mzee huyo alikuwa na mmea wa kutambaa. Ulikuwa na majani mapana, vikono vyembamba vilivyoshika chochote vilichokigusa, na vitunda vidogo vyeusi vyenye maji ya zambarau. Uliupanda ukuta ukautanda wote, kisha ukavuka. Ulishuka upande wa Mama Buluu, ukafunika bati la banda, ukaziba mfereji wa maji ya mvua, na mwisho ukazidaka kamba za kuanikia, moja baada ya nyingine. Wifi aliupa jina la Mgeni Asiyebisha Hodi.

"Huyu akimaliza kamba," alisema siku moja huku akipuliza pasi, "ataingia ndani aombe kitanda."

Kivuli chake kingevumilika. Lakini matunda yale yaliwaita ndege, na ndege wakishiba hufanya yale ambayo ndege wakishiba hufanya, tena juu ya mashuka meupe.

Jumatatu moja, kabla jua halijapata makali, matroni wa hospitali alikuja mwenyewe. Alikuwa amebeba mashuka kumi na moja. Aliyaweka juu ya meza ya kupigia pasi, akalikunjua moja. Katikati palikuwa na doa la zambarau, pana kama kiganja.

"Mama Buluu, hebu tazama."

"Ni tunda, matroni. Ndege hao wa ukutani. Tulilifua mara mbili."

"Mimi najua ni tunda. Mgonjwa hajui. Jana kuna mama amekataa kulala, anasema shuka lina damu ya mtu." Matroni alishusha pumzi. "Miaka tisa sijawahi kukulalamikia, na hata leo sina raha kusema haya. Lakini wakubwa wametoa wiki mbili. Baada ya hapo doa moja likirudi, mashuka yatapelekwa kwingine."

Alipoondoka, wifi alikaa juu ya kapu la nguo. Mashuka ya hospitali ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wote wawili. Nguo za mtaani peke yake zisingetosha hata kuwasha pasi.

Si kwamba hawakuwahi kumwambia mzee. Walimwambia, ila aliyepewa kazi ya kumwambia alikuwa mdogo wake Mama Buluu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kwa kazi yake na kwa tabia yake aliitwa Cheche. Cheche aliandika barua, akaichomeka getini. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, kali kama pilipili kichaa. Kimya. Akapanda ngazi, akapiga kelele juu ya ukuta. Mzee akatoka mlangoni, akasimama akitetemeka, akasema maneno ambayo mtaa uliyarudia kwa mwezi mzima:

"Ukigusa jani moja la mmea huu, tutakutana mahakamani!"

Cheche hakuyasikia hadi mwisho. Alikata matawi makubwa mawili ya juu ya ukuta, akayatupia uani kwa mzee. Kesho yake mzee alifunga geti kwa mnyororo, na mmea, kama uliokuwa umesikia matusi, ukachipua kwa nguvu mpya.

Kwa hiyo jioni ile ya Jumatatu, alipopata habari za matroni, Cheche alikuja na panga kwapani na dumu la oili chafu mkononi.

"Dada, nipe nusu saa tu. Nazunguka kwa nyuma, namwaga hii kwenye shina. Kesho kutwa utaukuta umekauka kama mwiko."

"Weka dumu chini," alisema Mama Buluu. Alikuwa akikamua shuka, na hakusita.

"Dada, huyu mzee haelewi lugha ya watu!"

"Shuka lenye damu unalifua kwa maji gani?"

Cheche aliduwaa. "Mimi nitajuaje?"

"Wasiojua hulitia kwenye maji ya moto. Wanaona moto ndio nguvu. Ukilichemsha, damu inaganda kwenye uzi, hilo doa utazikwa nalo. Damu inataka maji baridi, taratibu, mpaka iachie yenyewe. Wewe umemchemsha huyu mzee mara tatu. Sasa niachie mimi."

"Na ukishindwa?"

"Sijasema nitashindwa. Nimesema niachie. Nipe siku tatu."

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mpe, Cheche. Dada yako aliwabembeleza wazee wenu hadi marehemu kaka yangu akapunguziwa nusu ya mahari. Huyo mzee ni nani?"

Jumanne asubuhi Mama Buluu alinawa mikono, akavaa gauni lake la njano, akaenda kusimama getini kwa Mzee Kipimo. Kupitia nondo za geti alimwona mzee akitoka mlangoni, mkono wa kushoto ukipapasa majani ya ule mmea uliotanda kando ya njia. Alikuja polepole hadi akawa hatua mbili tu mbele yake.

"Nani?" mzee aliuliza kwa ukali.

Mama Buluu alihisi damu ikimpanda. Hatua mbili, jua limewaka, gauni la njano, na bado anaulizwa yeye ni nani! Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza kama anayemeza kidonge kichungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza nani."

"Ni jirani yako, mama wa kufua."

"Ahaa. Kama ni matusi, yapitishe juu ya ukuta kama kawaida. Getini napokea wageni."

"Basi leo mimi ni mgeni," alisema Mama Buluu, akacheka. "Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Mdogo wangu alikutukana akakutupia matawi uani kwako. Mimi ndiye dada mkubwa, nilisikia, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa kukosa. Nisamehe."

Mzee alilisugua jani kwa kidole gumba. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na sasa hakuwa na adui wa kumpiga.

"Basi? Hilo tu?"

"Leo ni hilo tu. Siku njema, mzee wangu."

Akaondoka. Hakutaja mmea hata kidogo. Wifi, aliyekuwa amepachika sikio dirishani, alimpokea kwa mikono kiunoni. "Wifi! Umekwenda kumsalimia tu? Na mashuka?"

"Nguo haipigwi pasi kabla haijakauka," alijibu Mama Buluu, akarudi kwenye karai lake.

Jumatano hakwenda. Aliianika ile siku nzima, kama alivyosema mwenyewe. Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, alisimama tena getini, akabisha hodi. Safari hii mzee aliitambua sauti bila kuuliza.

"Mama wa kufua. Leo unaomba radhi ya nini?"

"Leo naomba elimu. Mzee, mimi na mambo ya mipaka ni kama mbuzi na ramani. Wewe ndiye uliyeyasomea. Nifafanulie, huu ukuta baina yetu ni wa nani?"

Hapo Mzee Kipimo alinyooka mgongo kama mtu aliyeitwa kazini. Tangu astaafu, hakuna aliyemuuliza jambo alilolijua. Mnyororo ulilia, geti likafunguka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matawi.

"Pita. Mambo haya hayaelezwi watu wakiwa wamesimama."

Ndani palikuwa safi lakini pa ajabu. Ramani zilijaa ukutani, kingo zimejikunja. Pembeni kilisimama chombo chake cha kupimia juu ya miguu mitatu, kimefunikwa kwa shuka kuukuu. Viti vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani, hakuna kitu katikati ya chumba. Mama Buluu, ambaye kazi yake ilimzoesha kutazama nguo kabla ya uso, aliona kwamba shati la mzee lilikuwa limefungwa vifungo mshazari, na soksi zake hazikuwa ndugu. Huyu ndiye mtu ambaye zamani suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukatia mkate!

"Ukuta ni wetu sote," mzee alieleza huku akitafuta gilasi mezani kwa ncha za vidole. "Upande wako ni wako, wangu ni wangu. Tawi likivuka, mwenye mmea aambiwe kwanza, apewe nafasi ya kukata. Mimi mwenyewe nimeamua kesi hizo nyingi."

Akainua jagi amkaribishe mgeni maji. Alimimina. Maji yalijaa gilasi, yakapita ukingo, yakatiririka mezani, yakaanza kudondoka sakafuni, na mzee aliendelea kumimina huku akizungumza habari za mipaka.

Mama Buluu alielewa yote kwa pamoja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Lile "nani" la getini. Wale waliopunga mkono wasipungiwe. Barua zisizojibiwa. Alinyoosha mkono, akalishika jagi kwa upole, akaliweka chini.

"Ahsante, mzee. Yametosha." Akachukua kitambaa chake cha begani, akakausha meza bila haraka. Kisha akasema, "Mzee wangu, mikono yangu inashinda kwenye maji, lakini macho yangu ni mazima. Kama zipo karatasi ambazo ungependa zisomwe, mimi nitakusomea, na nitakayoyasoma hayatavuka kizingiti hiki."

Mzee aligeuza uso upande ilikotoka sauti yake.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi."

"Na hukucheka."

"Nicheke nini, mzee?"

Mzee Kipimo alikwenda kwenye kabati, akavuta droo, akatoa bahasha kama ishirini, zote hazijafunguliwa. Akaziweka mbele yake.

"Lilianza jicho la kushoto, likafuata la kulia. Naona ukungu. Wewe hapo nakuona kama kitu cha njano. Mpima asiyeona, mama! Nikisema, watoto watakuja kunizoa kama mzigo, na mtaa utaniita kipofu. Nikaona bora waniite mwenye kiburi. Angalau kiburi ni cha mtu mzima." Akaketi. "Haya, soma ya juu."

Mama Buluu aliutambua mwandiko kabla hajaifungua. Ilikuwa barua ya pili ya Cheche. Aliipitishia macho haraka.

"Inasema... majirani zako wanakusalimu."

"Karatasi nzima ya salamu?"

"Ni salamu nyingi, mzee."

Mzee Kipimo alicheka, kicheko kilichotoka kwa shida kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Mama, mimi ni mzee, si mtoto. Soma kama ilivyoandikwa."

Akasoma. Akasoma habari za bati, za mfereji, za kamba, na za "wewe mzee usiyejali wenzio". Mzee alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha uso.

"Mmea umefika huko? Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani mdogo wako anagombania majani machache ya juu ya ukuta." Alisita. "Mama, ngoja nikwambie kwa nini nilisema lisiguswe jani. Kutoka mlango huu hadi bombani, na kutoka bombani hadi getini, nimefunga waya. Waya mtupu watu wangeuliza ni wa nini. Nikauacha mmea uufunike. Nashika majani, natembea, na watu wanadhani napenda bustani. Tawi moja kati ya yale aliyonitupia ndugu yako liliuangukia waya ukakatika. Nilipotea uani kwangu mwenyewe, mama. Nilizunguka kutwa kabla sijaupata mlango."

Mama Buluu aliikunja ile barua, akairudisha ndani ya bahasha.

Ndipo waliposikia panga.

Lilikuwa likigonga getini, haraka haraka. Cheche alizihesabu siku tatu kuanzia Jumatatu yenyewe, kwa hiyo kwa hesabu yake zilikuwa zimekwisha tangu jana. Alikuta geti liko wazi, akaona huo ndio mwaliko. Dumu la oili lilikuwa miguuni pake, na majani yalikuwa yakimrukia mabegani. Mzee Kipimo alisimama, akashika kiegemeo cha kiti, mikono ikimtetemeka vilevile kama siku ile. Sasa Mama Buluu aliujua ule mtetemeko. Haukuwa wa hasira.

Alitoka mbio. Alipofika getini angeweza kupiga kelele, na Cheche angejibu kwa kelele, maana walilelewa nyumba moja. Badala yake alisimama baina ya panga na mmea, akashusha sauti.

"Mdogo wangu. Weka panga chini, kipenzi changu."

Cheche alibaki mkono juu. Hakuwa ameitwa kipenzi tangu alipoota meno ya pili. "Dada, siku tatu zimekwisha."

"Zimekwisha, sawa. Lakini hicho unachokata si mmea. Ni fimbo ya mtu."

"Fimbo gani?"

Mama Buluu alifunga mdomo. Alikuwa ametoa ahadi. Alimtazama mdogo wake, akatazama mashuka yaliyokuwa yakipepea ng'ambo ya ukuta, na bado hakusema.

"Mwambie, mama," sauti ilisema nyuma yake.

Mzee Kipimo alikuwa ametoka. Alikuja akifuata waya kwa mkono, jani kwa jani, hadi alipofika mahali panga lilipokata. Hapo mkono wake ulishika hewa. Alisimama. Kisha, peke yake, bila kushika chochote, akapiga hatua mbele.

"Au nitasema mwenyewe. Kijana, mimi sioni. Barua zako sikuzisoma kwa kuwa siwezi kusoma. Majani hayo ndiyo njia yangu ya kuja getini. Mashuka ya dada yako nimeyaharibu bila kujua, na kwa hilo naomba radhi."

Panga liliteleza mkononi mwa Cheche likaanguka chini. Mtu mzima yule, ambaye alikuwa akishika chuma chekundu bila kukunja uso, alitafuta mahali pa kuweka macho asipate.

"Mzee... shikamoo," alisema mwishowe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nishike mkono, maana njia umeikata."

Hapo Mama Buluu alichukua usukani, kama ilivyokuwa desturi yake. Alimkalisha mzee kwenye benchi la uani, akamwambia Cheche asimame akisikiliza.

"Mzee, kwa ruhusa yako tutaukata mmea wote uliovuka ukuta, na wa juu ya ukuta pia. Wewe, Cheche, utamtengenezea mzee reli ya bomba la chuma, kutoka mlangoni hadi bombani hadi getini. Chuma hakidondoshi matunda. Na jambo la tatu, mzee, mashuka ya wodi ya macho nayafua mimi. Wagonjwa wa huko wanaingia wameshikwa mkono, wanatoka wanalalamika kwamba nyumba zao zina vumbi. Huo ukungu wako una jina, unaitwa mtoto wa jicho, na pale hospitali wanautoa kila wiki."

"Na wakinikata wakakosea?"

"Basi hutakuwa umepoteza ukungu mwingi. Lakini hawatakosea. Nakupeleka mwenyewe, na nitakaa mlangoni."

Mzee alitaka kubisha. "Sijui kwa nini nakukubalia kila kitu," alisema.

Ijumaa walikata. Wifi alipanda ngazi kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, akamng'oa Mgeni Asiyebisha Hodi kwenye kamba huku akimpa vipande vyake vyote alivyokuwa amemwekea moyoni. Jumamosi Cheche alichomelea reli. Mzee alikaa karibu akiigusa kila palipopoa.

"Hapa umeshuka kidole kimoja," alisema.

"Haiwezekani, mzee. Nimepima."

"Pima tena."

Cheche alipima tena. Kilikuwa kidole kimoja kamili. Akakivunja kiungo kile akaanza upya, na tangu hapo hakufunga kazi yoyote ngumu bila kumpitia mzee kwanza.

Wiki iliyofuata Mzee Kipimo alikwenda hospitali, amekaa mbele ya mkokoteni juu ya furushi la mashuka safi, mgongo umenyooka kama yuko kwenye gari la serikali. Walianza na jicho la kulia. Siku bandeji ilipofunguliwa, Mama Buluu alikuwa mlangoni kama alivyoahidi. Mzee alipepesa jicho, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi!" alisema. "Sauti yako nilidhani ya mtu mwenye kimo."

"Kimo changu kiko mdomoni, mzee," alijibu, na wote wawili walicheka hadi muuguzi akawakemea, kisha wakafuta machozi, kila mmoja akidai ni dawa ya macho, ingawa mmoja wao hakuwa ametiwa dawa.

Wiki mbili zilipotimia, matroni alikuja na mashaka yake. Alichukua shuka la juu, akaliinua dhidi ya jua, akaligeuza. Akachukua la katikati, na la chini kabisa. Jua lilipita katika nyuzi zake bila kukuta kitu cha kulizuia. Aliyarudisha juu ya meza, akayapangusa kwa kiganja kama mtu anayempapasa mtoto, akasema tu, "Kesho nitaleta na ya chumba cha upasuaji." Wifi alisubiri afike barabarani ndipo akapiga kigelegele.

Jirani mmoja alimwuliza Cheche baadaye ni mahakama gani iliyomlazimisha yule mzee mkaidi kufungua geti, kukata mmea, na hata kukaa nje jioni akicheka na watu. Cheche alikuwa akinoa panga la mteja. Aliliweka chini kwanza, akaelekeza kidevu kwa dada yake aliyekuwa akianika, akajibu kwamba mapanga yalijaribu, na barua zilijaribu, na kelele nazo zilijaribu, na kila mara mzee alizidi kuingia ndani. Lakini maneno matamu humtoa nyoka pangoni.